Nyongo na "kukata utumbo": kinachobadilika ndani baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Mtu maarufu akipungua kilo 30 ndani ya mwaka, maneno hayachelewi: "Huyo kakata utumbo." Msemo huo umeenea mitandaoni na vibarazani hadi sasa unatumika kwa kila njia ya kupunguza uzito inayofanyika hospitalini, hata pale ambapo utumbo haukuguswa. Nyuma ya msemo huo kuna imani nyingine: tumbo likipunguzwa mtu anakula kidogo, akila kidogo anakonda, basi. Kwa miaka mingi hata madaktari walieleza hivyo. Lakini maelezo hayo yanakwama mbele ya jambo moja ambalo wapasuaji wameliona mara nyingi: sukari ya mgonjwa wa kisukari inashuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla hata nguo hazijaanza kumpwaya. Katika kutafuta sababu, watafiti wamejikuta wakichunguza kitu ambacho wengi wetu tunakijua kwa uchungu wake tu, yaani nyongo.

Kinachoitwa kukata utumbo ni mambo matatu tofauti, na ukiyachanganya hutaelewa chochote kinachofuata.

La kwanza ni puto, ambalo kwa Tanzania limepata umaarufu kupitia Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Puto tupu linapitishwa mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula, kisha linajazwa maji, kwa kawaida ml 400 hadi 700. Linakaa humo miezi 6, au 12 kwa aina nyingine, halafu linatolewa. Hakuna kinachokatwa wala kushonwa.

La pili ni kukata mfuko wa chakula. Takriban asilimia 80 ya mfuko inaondolewa moja kwa moja, na kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Utumbo unabaki kama ulivyokuwa.

La tatu ni baipasi, nayo inahitaji kuchorwa akilini. Mfuko wa chakula unagawanywa, na juu kinabaki kifuko cha ml 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya mezani. Kisha utumbo mwembamba unakatwa, mara nyingi sm 50 hadi 100 kutoka unapoanzia. Ncha ya chini inavutwa juu na kushonwa kwenye kile kifuko kidogo, ili chakula kipite humo. Ncha ya juu, inayobeba nyongo na majimaji ya kongosho, inashonwa ubavuni mwa utumbo, sm 100 hadi 150 chini zaidi. Ukiitazama ramani yake unaona herufi Y: mikono miwili inayokutana na kuwa shina moja. Ushonaji huo unabeba jina la César Roux, mpasuaji wa Lausanne, Uswisi. Baipasi ya kupunguza uzito ilianzishwa na Edward Mason huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, na mpangilio wa Y ukaja kutumika baadaye. Kwa hiyo katika baipasi ndipo utumbo unapokatwa kweli, lakini hakuna hata sentimita moja inayotolewa mwilini. Unapangwa upya tu, na njia ya nyongo ndiyo inayobadilika kuliko kitu kingine chochote.

Nyongo ni nini hasa

Aliyewahi kuandaa kuku anaijua: kile kifuko cha kijani kilichojibanza kwenye ini, kinachotolewa kwa uangalifu kwa sababu kikipasuka kitoweo chote kinakuwa kichungu. Ndiyo maana tunasema mambo yametumbukia nyongo. Kiswahili kinatumia neno moja kwa majimaji yenyewe na kwa kifuko kinachoyahifadhi, na hapo ndipo watu wengi wanapojichanganya. Kifuko hakitengenezi nyongo. Anayeitengeneza ni ini, kati ya ml 500 na lita 1 kwa siku kwa mtu mzima. Kifuko, chenye nafasi ya ml 30 hadi 60 tu, ni ghala. Kinafyonza maji, kinaikoleza nyongo, kisha kinasubiri. Chakula chenye mafuta kikiingia mwanzoni mwa utumbo mwembamba, kifuko kinapokea ishara na kujikamua. Ndiyo sababu mtu aliyetolewa kifuko cha nyongo anaendelea kuwa na nyongo maisha yake yote. Inachuruzika tu kutoka kwenye ini bila kuhifadhiwa.

Sehemu kubwa ya nyongo ni maji. Ndani yake kuna rangi inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka, kuna kolesteroli, kuna mafuta ya aina ya lesithini, na kuna asidi za nyongo, ambazo ndizo mada yetu. Neno asidi lisikupeleke kwenye maji ya betri. Asidi za nyongo zinatengenezwa na ini kutokana na kolesteroli, na tabia yake iko karibu zaidi na sabuni. Chukua sahani iliyotumika kwa nyama ya mbuzi, mafuta yakiwa yameganda, uiweke chini ya bomba la maji baridi. Maji yatapita juu ya mafuta bila kuyagusa. Ongeza sabuni, na mafuta yanavunjika kuwa matone madogo yanayoondoka na maji. Asidi za nyongo zinafanya hivyo ndani ya utumbo: zinavunja mafuta ya chakula kuwa chembechembe ndogo ili vimeng'enya vya kongosho vipate pa kuyashika, na vitamini A, D, E na K, ambazo husafiri na mafuta, zipate kuingia mwilini.

Jambo la kushangaza ni jinsi mwili unavyozibania. Mwili mzima una gramu 2 hadi 4 tu za asidi za nyongo, na kiasi hicho hakitoshi hata mlo mmoja mkubwa kama kingetumika mara moja na kutupwa. Kwa hiyo zinazungushwa kama chupa za soda za kurudisha. Mwenye duka ana kreti chache. Soda inauzwa, chupa tupu inarudi dukani, inapelekwa kiwandani, inajazwa na kurudi tena. Asidi za nyongo zinamwagwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, zinafanya kazi njiani, na zikifika mwishoni mwa utumbo huo, asilimia 95 hivi zinafyonzwa, zinapanda damu inayokwenda kwenye ini, na ini linazitoa tena. Mzunguko huo unatokea mara kadhaa kwa siku, zaidi ukila. Zile chache zinazopotea na choo, karibu nusu gramu kwa siku, ini linazifidia kwa kutengeneza mpya kutoka kwenye kolesteroli. Na zile zinazoponyoka na kuingia utumbo mpana zinakutana na bakteria, ambao wanazibadilisha umbo na kuzifanya aina nyingine zenye nguvu tofauti.

Kutoka sabuni hadi mjumbe

Hadi miaka ya 1990 mwishoni, vitabu vingi vingeishia hapo. Mwaka 1999 makundi matatu ya watafiti yalionyesha kwamba asidi za nyongo zinaingia ndani ya seli na kukamata kipokezi kiitwacho FXR. Kipokezi ni kama kitasa: ufunguo wake ukiingia, kitu fulani kinawaka au kuzimika ndani ya seli. Miaka michache baadaye, watafiti wa Japani wakaeleza kitasa cha pili, TGR5, kilichoko juu ya ngozi ya seli. Tangu hapo asidi za nyongo zimehesabiwa pia kuwa wajumbe, kama zilivyo homoni.

Ujumbe wa FXR ni rahisi kuuelewa ukirudi kwenye chupa za soda. Asidi zikifika kwa wingi mwishoni mwa utumbo mwembamba, FXR inawasha utengenezaji wa homoni inayoitwa FGF19. Homoni hiyo inasafiri kwa damu hadi kwenye ini na kusema: chupa zimerudi, punguza kutengeneza mpya. Lakini haiishii hapo. FGF19 pia inaliambia ini lipunguze kutoa sukari na lihifadhi ile iliyopo, kazi inayofanana kwa kiasi na ya insulini.

TGR5 kazi yake iko pengine. Kitasa hiki kinapatikana, pamoja na mahali pengine, kwenye seli za utumbo zinazotoa GLP-1. Wengi wamelisikia jina hilo kwa sababu ya sindano za kupunguza uzito kama semaglutide, ambazo ni nakala ya homoni hiyohiyo iliyotengenezwa ili idumu muda mrefu. GLP-1 inalihimiza kongosho kutoa insulini sukari inapopanda, inachelewesha chakula kutoka kwenye mfuko, na inaupa ubongo habari ya kushiba. Seli hizo zimejaa zaidi sehemu ya mwisho ya utumbo, kulekule nyongo inakofyonzwa.

Sasa rudi kwenye herufi Y. Kabla ya baipasi, nyongo na chakula vinasafiri njia moja tangu mwanzo, vimechanganyika, kama daladala na magari mengine kwenye foleni ya jioni. Baada ya baipasi, nyongo inapewa njia yake, kama mabasi ya mwendokasi. Inashuka mkono wake peke yake, haijachanganywa na chakula, hadi kwenye makutano. Chakula nacho kinashuka upande wake kikiwa hakijameng'enywa vya kutosha. Vyote viwili vinakutana chini zaidi kuliko zamani, na sehemu za mwisho za utumbo, ambazo zilizoea kupokea mabaki, zinaanza kupokea mzigo mkubwa. GLP-1 baada ya kula inapanda mara kadhaa kuliko ilivyokuwa.

Damu pia inasema kitu. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walipima watu waliofanyiwa baipasi miaka kadhaa nyuma wakawalinganisha na wengine ambao hawakupasuliwa, wakiwemo wenye uzito unaofanana nao. Asidi za nyongo kwenye damu ya waliopasuliwa zilikuwa zaidi ya mara mbili. Kwa kawaida kupungua kwa lishe peke yake hakuleti ongezeko la namna hiyo.

Ushahidi ulio mzito zaidi, kwa maoni yetu, ulitoka kwa panya. Mwaka 2014 watafiti waliwafanyia panya wanene upasuaji wa kukata mfuko wa chakula. Baadhi ya panya hao walizaliwa bila kitasa cha FXR. Wote walipungua mwanzoni. Lakini wasio na FXR walirudisha uzito wao ndani ya wiki chache ingawa mfuko wao wa chakula ulikuwa mdogo sawasawa na wa wenzao, na sukari yao haikutengemaa kama ya wenzao. Mwaka 2015 kundi lingine likaacha kabisa kugusa mfuko wa chakula: waliunganisha kifuko cha nyongo moja kwa moja na sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba wa panya. Panya hao walipungua uzito na sukari yao ikatengemaa, kwa kiwango kinachokaribia cha wale waliofanyiwa baipasi. Ukiyaweka majaribio hayo mawili pamoja, dai la kwamba tumbo dogo ndilo linalofanya kila kitu haliwezi kusimama.

Mahali pa kupunguza mwendo

Hata hivyo, kuna hatari ya kukimbilia upande wa pili na kusema nyongo ndiyo siri yote. Sivyo, na sababu ziko wazi.

Kwanza ni suala la muda. Sukari inashuka ndani ya siku. Asidi za nyongo kwenye damu mara nyingi zinapanda polepole, kwa miezi, na kwa wengi ongezeko linaonekana vizuri karibu mwaka mmoja baadaye. Kitu kinachokuja baadaye hakiwezi kuwa chanzo cha kilichotangulia. Siku zile za mwanzo kuna maelezo ya kawaida zaidi: mgonjwa hali karibu chochote. Mwaka 2011 watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliwapa wagonjwa 11 wa kisukari aina ya 2 mlo wa kalori 600 hivi kwa siku, bila upasuaji wowote, na ndani ya wiki moja sukari yao ya kabla ya kula ilirudi kawaida, huku mafuta ya ini yakipungua haraka.

Pili, mwaka 2020 watafiti wa St. Louis, Marekani, walifuatilia makundi mawili ya wagonjwa wa kisukari: wengine walifanyiwa baipasi, wengine wakapungua kwa lishe. Wakasubiri hadi kila upande umepungua asilimia 18 hivi ya uzito, ndipo wakapima. Utendaji wa insulini na sukari ya saa 24 ulikuwa umeboreka karibu sawa pande zote mbili. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya faida ya upasuaji kwa kisukari inatokana na kupungua uzito kwenyewe. Lakini kupungua asilimia 18 kwa lishe na kubaki hapo miaka 10 ni jambo ambalo watu wachache sana wanaliweza, kwa kuwa njaa inaongezeka na mwili unapunguza matumizi yake. Hapo ndipo nyongo, GLP-1 na wajumbe wengine wanapoonekana kuwa na nafasi yao: kuufanya mwili ukubali uzito mpya bila kupigana nao kila siku. Panya wa 2014 wanaelekea huko huko. Wasio na FXR hawakushindwa kupungua, walishindwa kubaki.

Tatu, puto. Halibadilishi njia ya nyongo hata kidogo. Linachukua nafasi, linachelewesha chakula, likitoka kazi yake imekwisha. Uzito kurudi baada ya puto si lazima uwe uzembe wa mgonjwa. Kifaa chenyewe hakikuacha mabadiliko ya kudumu. Ni haki ya mgonjwa kuelezwa hilo kabla ya kulipa.

Nne, na hili linawachanganya hata wanafunzi wa udaktari: kuna dawa inayozinasa asidi za nyongo ndani ya utumbo na kuziondoa na choo, kolesevelamu, na mwaka 2008 Marekani iliruhusu itumike kwa kisukari kwa sababu inashusha sukari kwa kiasi. Yaani kuongezeka kwa asidi hizi kunahusishwa na sukari nzuri, na kuziondoa nako kunashusha sukari. Hakuna mgongano ukikumbuka kwamba ujumbe unategemea mahali. Asidi iliyonaswa na dawa inafika mbali zaidi kwenye utumbo badala ya kufyonzwa, na inagusa seli nyingine. Kwa hiyo swali la "ni nyingi au chache" halifai. Linalofaa ni zimefika wapi, saa ngapi, na za aina gani.

Ndiyo maana pia juhudi za kuweka kazi ya nyongo ndani ya kidonge zimekuwa ngumu. Dawa moja inayobonyeza FXR kwa nguvu, asidi ya obetikoliki, ilijaribiwa kwa ini lenye mafuta. Ilipunguza makovu ya ini kwa baadhi ya wagonjwa, lakini ilileta muwasho mkali wa ngozi na kupandisha kolesteroli mbaya, na mwaka 2020 kisha 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha kwa ugonjwa huo.

"Nyongo imezidi"

Kwetu mtu akitapika majimaji ya njano au kijani utasikia nyongo imepanda, au nyongo imezidi, na anatafutiwa dawa ya kuitoa. Kinachotokea ni kwamba mfuko wa chakula ukiwa mtupu na kutapika kukiendelea, utumbo unarudisha juu nyongo iliyokuwa humo kihalali. Rangi hiyo haionyeshi ugonjwa wa nyongo. Chanzo kinaweza kuwa malaria, sumu ya chakula, ujauzito, au utumbo ulioziba, na mtu anayetapika kijani mfululizo huku tumbo limevimba na hapati choo wala hewa anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Kuna pia kinywaji cha "kusafisha ini na nyongo": mafuta ya zeituni kwa wingi, maji ya limau, wakati mwingine chumvi ya kuharisha, kisha asubuhi mtu anaona vidonge laini vya kijani chooni na kuambiwa ni mawe. Vidonge hivyo vimepimwa maabara. Ni sabuni. Mafuta aliyoyanywa yamekutana na majimaji ya tumboni yakaganda. Mawe halisi ya kolesteroli ni magumu na hayatoki kwa mafungu namna hiyo. Mbaya zaidi, mafuta mengi kwa mkupuo yanakikamua kifuko kwa nguvu, na mwenye jiwe kweli anaweza kulisukuma likazibe mrija.

Kumeza nyongo ya mnyama ili kutibu kisukari au kupungua ni hatari kubwa zaidi. Huko Asia kumeripotiwa watu wengi walioharibikiwa figo na ini baada ya kumeza nyongo mbichi ya samaki wa jamii ya kapu (kwa Kiingereza carp). Hakuna kiasi salama cha kupendekeza.

Nyongo inapoleta matatizo baada ya upasuaji

Tatizo linalotokea zaidi ni mawe. Nyongo ni mchanganyiko unaoshikiliwa kwa uwiano: asidi za nyongo na lesithini zinaizuia kolesteroli isigande. Mtu anapopungua haraka, hasa zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki, mafuta yaliyohifadhiwa mwilini yanayeyuka na kolesteroli nyingi inamiminwa kwenye nyongo. Wakati huohuo anakula kidogo sana, mafuta hayapiti, kifuko hakiamriwi kujikamua, nyongo inalala humo na kutuama. Mambo hayo mawili pamoja ndiyo kiwanda cha mawe. Katika jaribio la Marekani lililotolewa mwaka 1995, karibu theluthi moja ya waliofanyiwa baipasi bila kinga walipata mawe ndani ya miezi 6, na waliopewa mg 600 kwa siku za asidi ya ursodeoksikoliki ni asilimia 2 tu. Dawa hiyo yenyewe ni asidi ya nyongo, mpole kuliko nyingine, na jina lake linatokana na dubu, ambaye nyongo yake inayo kwa wingi. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2021, lililohesabu wale tu waliopata maumivu au madhara ya mawe, lilikuta asilimia 6.5 kwa waliotumia mg 900 kwa siku miezi 6, dhidi ya 9.7 kwa wasiotumia. Tofauti ya namba inatokana na kwamba mawe mengi hukaa kimya. Muulize daktari wako kama unaandikiwa, na ukiandikiwa, usiiache mwezi wa pili kwa sababu unajisikia vizuri. Miezi 6 ya kwanza ndiyo ya hatari. Usikwepe mafuta yote pia: vijiko viwili vidogo vya mafuta ya kupikia kwa siku, vikiliwa ndani ya mlo mmoja, vinasaidia kifuko kujikamua. Wanaopungua kwa sindano za GLP-1 nao wana hatari iliyoongezeka ya mawe.

Kuhara ni tatizo la pili. Asidi za nyongo zikifika utumbo mpana kwa wingi, zinauchochea utoe maji, na mtu anakimbilia chooni mara tu baada ya kula, choo kikiwa cha maji na cha ghafla, wakati mwingine usiku. Linatokea baada ya baipasi, na zaidi kwa aliyetolewa pia kifuko. Wengi wanahangaika na dawa za minyoo na amiba kwa miezi. Dawa yake ni unga wa kolestiramini, kwa kawaida unaanzwa na gramu 4 kwa siku, au vidonge vya kolesevelamu. Dawa hizo zinanasa kila kinachopita karibu, zikiwemo dawa nyingine. Kwa hiyo dawa zako nyingine zimeze angalau saa 1 kabla ya kolestiramini au saa 4 hadi 6 baada yake, na hili linawahusu sana wanaotumia dawa za tezi ya shingo, dawa za kuzuia damu kuganda na vidonge vya uzazi wa mpango.

Choo cha aina nyingine, kilichopauka, chenye mafuta, kinachoelea na kunuka kupita kawaida, kinasema kinyume: nyongo na chakula vinakutana kwa umbali mfupi mno na mafuta hayameng'enywi. Hutokea zaidi kwa upasuaji unaoacha shina fupi la Y. Anayepoteza mafuta anapoteza vitamini zake pia. Kutoona vizuri jioni ni dalili ya upungufu wa A; maumivu ya mifupa na misuli kuwa dhaifu, D; michubuko na kutokwa damu kirahisi, K. Baada ya baipasi, kiwango cha kawaida cha kuanzia ni vitamini D uniti 3,000 kwa siku na kalsiamu mg 1,200 hadi 1,500, ikigawanywa ili kila dozi isizidi mg 600, na isimezwe pamoja na madini ya chuma; achanisha kwa saa 2. Multivitamini za kawaida za dukani mara nyingi hazifiki viwango hivyo. Damu ipimwe angalau mara moja kwa mwaka, maisha yote.

Kuna baipasi nyingine inayotumia mshono mmoja badala ya miwili. Ni ya haraka na matokeo yake ya uzito ni mazuri, lakini haina mkono wa Y unaoitenga nyongo na kile kifuko cha juu. Nyongo inaweza kupanda hadi kwenye mfuko na koo. Kiungulia chake hakisikii dawa za kupunguza asidi ya tumbo, kwa sababu si asidi hiyo inayochoma, na kikiwa kikali tiba yake ni kupasuliwa tena ili igeuzwe kuwa Y. Mwenye kiungulia kikali cha muda mrefu alitaje hilo kabla ya kuchagua aina ya upasuaji, sio baadaye.

Maumivu makali chini ya mbavu za kulia au chembe ya moyo, yanayodumu zaidi ya nusu saa na kuelekea begani, yakifuatana na homa, macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi au choo cheupe, ni ya kwenda hospitali usiku huohuo. Huenda jiwe limeziba mrija. Kwa mtu mwingine, daktari angepitisha kamera mdomoni, afike mwanzoni mwa utumbo mwembamba na kulitoa. Kwa aliyefanyiwa baipasi, njia hiyo haipo tena: kamera inayoshuka kutoka mdomoni inaingia mkono wa chakula, na ili ifike inakomwagikia nyongo ingelazimika kushuka hadi kwenye makutano kisha ipande mkono wa pili, mwendo mrefu ambao vifaa vya kawaida haviwezi. Inabidi kutumia njia nyingine, mara nyingi kuingia kupitia ukuta wa tumbo. Daktari wa zamu asiyejua una baipasi atapoteza saa zenye thamani. Omba ripoti ya upasuaji wako ikiandikwa aina yake na urefu wa kila mkono kwa sentimita, ipige picha, na mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani ilipo.